Wimbo Ambao Haukuwa Ubaoni

"Mi, sol, sol, la, sol..."

Nilizisikia sauti kabla sijauona hata ukuta wa shule. Asubuhi ile ukungu wa Mushaki ulikuwa umemeza mikaratusi, ng'ombe wa barabarani na paa la kanisa, lakini sauti za watoto ulishindwa kuzimeza. Zilishuka kilimani, nyembamba na safi, zikanikuta njiani na chaki mfukoni. Nikasimama. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mwalimu wao hata hajafika, tayari wanaimba noti kwa majina yake!

Kifua kilinijaa. Leo Papa Sebarenzi, mwimbishaji wa kanisa, atasikia, nikajisemea. Atasikia kwa masikio yake, na waliozoea kunicheka watafute pa kuficha meno.

Niliposukuma mlango, sauti zikakatika. Béata alikuwa amesimama mbele ya darasa, mkono wake ungali hewani kama wa mtu anayefukuza nyuki. Akaushusha. Ubao nyuma yake ulikuwa mtupu, lakini ni nani atakayetazama ubao Béata akiwa mbele yake? Alivaa kitambaa cha buluu kichwani, na umande ulikuwa haujamkauka mabegani.

"Dada Béata," nikasema, "umekuja kuniibia klasi?"

"Klasi yako iko na baridi, mwalimu. Nilikuwa ninaipasha moto."

Watoto wakacheka. Mimi nikamtazama machoni, naye, ambaye siku zote hutazama mtu mpaka mtu mwenyewe achoke, akayapeleka macho dirishani.

"Uko na nini?"

"Hapana kitu. Fundisha. Leo njo leo."

Akapita karibu yangu kuelekea chumba cha pili, anakofundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Kitambaa chake kilinigusa bega. Harufu ya moshi wa nyumbani kwao na sabuni ya masista ilibaki mlangoni muda mrefu kuliko yeye.

Nilitoa kamba yangu, nikaipaka chaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Epiphanie, mdogo wake Béata, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, akashika ncha moja na kuibana ubaoni. Mimi nikashika ya pili, nikaivuta kamba kwa kidole kama uzi wa upinde, nikaiachia. Pa! Mstari mweupe ukakaa ubaoni umenyooka. Tukapiga tena na tena mpaka mistari mitano ikakamilika. Juu yake nikachora kle ya sol, alama inayofungua noti, tumbo lake likizunguka mstari wa pili kutoka chini.

"Kle ya sol inakaa wapi?"

"Mustari ya pili!"

"Na mukononi?"

Mikono ya kushoto ikainuka, viganja vikiwa mbele ya nyuso, vidole vimelazwa na gumba likiwa juu. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha, kwa kuwa daftari hazikutosha lakini hakuna aliyezaliwa bila mkono. Kidole cha mwisho ni mi. Cha pete ni sol. Cha kati ni si, cha shahada ni re, gumba ni fa. Na kwenye nafasi kati ya vidole wanalala fa, la, do, na mi wa juu. Mtoto akigusa kidole, anajua noti. Akijua noti, anaiimba, hata kama wimbo ule hajawahi kuusikia tangu kuzaliwa kwake.

"Mwalimu," mmoja akauliza kutoka nyuma, "babu yangu alikatwa kidole na panga. Yeye atasoma namna gani?"

"Babu yako ataruka sol kama anavyoruka misa."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Kupitia ukuta wa matete nikamsikia Béata naye akicheka upande wa pili, kisha akanyamaza ghafla.

Niseme wazi mambo yalivyokuwa. Mimi, Athanase, ni mtoto wa msitu wa Walikale. Nilisoma noti kwa kinanda cha padri mmoja mzee, na mashairi nilijifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole wakati wenzangu wanatega mitego. Nilipandishwa huku milimani kufundisha, nikamkuta Béata. Hatukuambiana mengi. Alinipa maji ya kunywa siku niliyofika nikiwa nimelowa, nikamrudishia kikombe, na kikombe kile tukakishika wote wawili kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili.

Baba yangu mdogo, Léopold, alipanda kutoka Walikale kuja kuniposea Béata. Alileta mafuta ya mawese na nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi, nyama ambayo kwetu hupewa mkwe anayeheshimiwa. Mama Mukamurenzi, mama yake Béata, aliyapokea mafuta. Nyama akaitazama, akaziba pua kwa ncha ya kitenge, akawaita mbwa. Baba mdogo aliwatazama mbwa wakila heshima yake, akaondoka bila kumaliza kasiksi, pombe ya ndizi aliyopewa.

Papa Sebarenzi, baba yake Béata, hakuwa na haja ya kuniita mjinga, alicheka tu. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani, kwa mdomo, toka zamani. Kwake wimbo hutoka kinywani mwa mkubwa na kuingia sikioni mwa mdogo, na watoto wa Mushaki wanaukamata mara moja, kama mbwa anavyokamata mfupa. Nilipomwambia kwamba wanafunzi wangu wanasoma wimbo kwa macho, alipiga goti lake kwa kiganja.

"Karatasi haiimbi, mwalimu. Karatasi iko karatasi."

"Inaimba, Papa, kama mutu anajua kuisoma."

"Basi nionyeshe. Wimbo ambao hawajasikia. Usiwaimbie hata kidogo. Wakiusoma, nitajua uko mutu wa kweli, na baba yako mudogo arudi tuzungumze. Wakishindwa, watu wa Nzabandora wataleta pombe yao hapa, na binti yangu ataenda kwa mutoto yao. Wao wako na ngombe. Weye uko na nini? Do, re, mi?"

Siku hiyo ya kuonyesha ilikuwa leo, baada ya chakula cha mchana.

Wakati wa mapumziko nilimfuata Béata nyuma ya darasa, palipopangwa kuni za kanisa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na bonde lilionekana vipande vipande, shamba la maharagwe hapa, mgongo wa ng'ombe pale.

"Unaogopa," nikamwambia.

"Na weye huogopi?"

"Niogope nini? Wanajua. Nimewafundisha mimi."

"Njo hiyo inaniogopesha. Hiyo 'mimi' yako."

Nilicheka. Nikamshika mkono wa kushoto, nikaulaza mbele ya uso wake kama ninavyowafanyia watoto, nikagusa kidole cha pete.

"Hii ni noti gani?"

"Niache, Athanase. Watu wataona."

"Noti gani?"

"Sol," akasema taratibu.

Nikamsomea ubeti niliokuwa nimeutunga njiani:

*Kidole chako cha pete, ndipo wimbo huanzia,*
*Wasemao na watete, mimi nimeshasikia,*
*Ng'ombe wao na walete, hata wajaze na njia,*
*Sina zizi la kutia, nina sauti na nia.*

Hakutabasamu. Alinitazama kama mtu anayetazama mzigo aliokwisha kuutua chini, anajiuliza kama ataweza kuuinua tena.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini weye kila kitu kwako ni kushinda. Wakishindwa leo, weye utapoteza nini? Utatunga shairi ingine. Mimi nitalala nyumba ya mutu nisiyemujua sauti."

"Hawatashindwa."

"Nimekusikia." Akautoa mkono wake polepole. "Kama mutu anakupenda, na anafanya kitu bila kukuuliza, utamusamehe?"

"Kitu gani?"

Kengele ikagongwa. Akakimbia, na mimi nikabaki nikidhani lilikuwa swali la mapenzi tu, yale maswali wanawake huuliza ili wasikie jibu tamu.

Mchana walikuja. Papa Sebarenzi alivaa kofia yake ya Jumapili na kushika fimbo yake ndefu. Mama Mukamurenzi aliketi kwenye gogo la mbele, kitenge kimefungwa vizuri, macho makavu. Viateur, direkteri wetu, mtu mpole asiyependa kelele, alikuwa ameagiza kinanda cha kanisa kiletwe darasani, na juu yake alikuwa ameweka karatasi ya wimbo aliouchagua. Béata alisimama karibu na dirisha.

"Wimbo uko huu, Papa," akasema Viateur. "Watoto hawajauimba hata siku moja."

Papa Sebarenzi akaichukua karatasi ile, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Hii iko hapa juu ya kinanda tangu Jumapili. Kila mutu amepita kanisani ameiona. Uko na zingine?"

"Ziko nyingi, sandukuni."

"Leta."

Akaingiza mkono katika rundo, akavuta karatasi moja kutoka chini kabisa, akaiinua hewani.

"Hii. Sijui inasema nini. Njo maana ninaipenda."

Nilimwona Béata akishika ukingo wa dirisha. Nikadhani anahofu kwa ajili yangu. Nikamtupia tabasamu la kumtuliza, nikaichukua karatasi na kwenda ubaoni. Niliunakili mstari wa kwanza bila haraka. Ulikuwa rahisi! Sol, la, si, la. Wimbo wa kupanda na kushuka kama njia ya kwenda kisimani. Moyo ukaniambia: Athanase, umeshapata mke.

"Tazameni ubao," nikawaambia watoto. "Msiogope. Direkteri atawapa sol, kisha mtaanza."

Viateur akabonyeza kinanda. Sol ikalia, ikajaa darasa. Nikainua mkono.

"Mi, sol, sol, la, sol..."

Waliimba kwa nguvu, kwa furaha, sauti moja, macho yao yote ubaoni. Waliimba vizuri kuliko siku yoyote. Na wimbo waliouimba haukuwa ule wa ubaoni.

Mwanzo nilifikiri nimekosea kunakili. Nikageuka kutazama chaki yangu. Hapana, ilikuwa sawa. Nikasikia kisauti kimoja tu, chembamba, kikipita chini ya zile nyingine: "Sol... la... si..." Alikuwa Epiphanie, mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akigusa kidole chake. Alisoma! Akasikia wenzake wanaimba kingine, akaona aibu, akaziba mdomo kwa mkono uleule.

Wimbo ukaisha.

"Direkteri," akauliza Papa Sebarenzi, taratibu, "wimbo hii njo iko kwenye ubao?"

Viateur alitazama funguo za kinanda. "Hapana, Papa. Hii ni ile niliyokuwa nimeweka hapa juu."

"Walisikia wapi?"

Mtoto mmoja akasimama, kifua mbele, kama anayesubiri sifa. "Dada Béata njo alitufundisha! Leo asubuhi na jana. Alisema tuikamate vizuri, Mwalimu afurahi."

Wote waligeuka dirishani. Béata hakukana. Alisimama wima, mikono imemning'inia, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Futeni!" nikapiga kelele. "Papa, waanze tena! Wanajua! Huyu Epiphanie amesoma, umemusikia, amesoma peke yake! Chagua karatasi ingine, chagua yoyote!"

"Keti, mwalimu."

"Siketi! Wanaweza kusoma!"

"Pengine wanaweza." Papa Sebarenzi alisimama akiegemea fimbo. "Mimi sikuja kupima watoto tu. Nilisema kama uko mutu wa kweli, nitakusikia. Leo nimeona mutoto wangu, niliyemuzaa, ananidanganya mbele ya watoto wadogo kwa sababu yako. Kabla hujaingia kwangu, tayari umeshaharibu nyumba. Ukiingia, itabaki nini?"

"Mimi sikujua! Béata, waambie sikujua!"

"Hakujua," Béata akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni mimi peke yangu, Papa."

Hapo ndipo hasira ilipopanda mpaka ikanifunika macho. Kazi yangu yote, kamba yangu, vidole vya watoto nilivyovishika kimoja kimoja, na mtu aliyeiua hakuwa Nzabandora wala ng'ombe wake. Alikuwa yeye.

"Nani alikutuma?" nikamwambia, mbele ya wote. "Nani alikuomba usaidizi? Umenifanya muongo mbele ya baba yako! Afadhali ungenichukia. Adui yangu asingenifanyia hivi!"

Watoto wakainamisha vichwa. Epiphanie akaanza kulia.

Mama Mukamurenzi alijifunga kitenge upya, akamshika Epiphanie mkono. Alipofika mlangoni akasimama.

"Mafuta yenu ilikuwa mazuri, mwalimu," akasema. "Umuambie baba yako mudogo aksanti."

Nilimkuta Béata kwenye njia ya katikati ya mashamba ya viazi. Wazazi wake walikuwa mbele, na yeye alikuwa amebaki nyuma kwa makusudi au kwa uchovu. Jua lilikuwa kali sasa. Kila kitu kilionekana.

"Wangesoma," nikamwambia nikihema. "Béata, wimbo ulikuwa rahisi. Wangesoma!"

"Ninajua. Nimemusikia Epiphanie."

"Basi kwa nini? Hukuniamini?"

"Niliamini watoto. Niliamini noti. Lakini niliona ile karatasi kwenye kinanda, nikajiuliza: kama wataogopa? Kama mumoja atakohoa na wengine wapotee? Maisha yangu yote juu ya koo ya watoto!" Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Weye ulikuwa unacheza mchezo na baba yangu, nani mwenye akili, nani mwenye kiburi. Mimi njo nilikuwa kitu cha kushindania. Hukuwahi kuniuliza kama ninaweza kulala."

"Ningekuuliza ungeniambia nini?"

"Ningekuambia ninaogopa mpaka ninatapika."

Nikageuka kutazama barabara ya chini.

"Twende," nikasema. "Leo. Lori la Sake litapita. Tutashuka, kisha Walikale. Kwetu hawatauliza ng'ombe."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile aliniachia macho yake yote, bila kuyaondoa. Nilidhani amekubali.

"Asubuhi ningekufuata," akasema. "Ungesema neno moja tu, pale kwenye kuni, ningekuja bila viatu. Lakini saa ile nimesimama dirishani, nimebeba kosa peke yangu mbele ya baba yangu, weye uliniambia nini? Adui yako asingekufanyia hivi. Watoto wamesikia. Epiphanie amesikia. Mutu anayenipigia kelele siku ninayoanguka, nimufuate mpaka msituni ambako sina mama?"

"Nilikasirika!"

"Utakasirika tena."

"Béata, ninakupenda."

"Na mimi. Njo ubaya wenyewe."

Kutoka mbele, mama yake akaita: "Béata! Weee, Béata!"

"Watu wa Nzabandora watakuja baada ya mavuno ya maharagwe," akasema. "Papa ameshasema. Sitamukosea mara ya pili, sina uso wa kumukatalia. Na weye, ninakujua, leo utafunga sanduku."

"Nibaki hapa kufanya nini? Kutazama ng'ombe zao zikipita?"

"Ubaki. Watoto hawana kosa. Wanafikiri wameimba vibaya. Epiphanie anafikiri kosa ni yake, kwa sababu yeye peke yake aliimba tofauti. Nani atamuambia yeye njo alikuwa sawa? Papa? Direkteri?"

"Unaniomba kitu kigumu."

"Sijamaliza." Mkono wake uliinuka kidogo kuelekea kwangu, kisha akaushika kwa mkono wake mwingine, kama anayemshika mtoto asikimbie. "Siku ya ndoa yangu watoto wataimba kanisani. Ninataka wimbo mupya, wimbo ambao hapa Mushaki hakuna aliyeisikia. Wasome. Papa atakuwa amekaa mbele kabisa. Ninataka aisikie, akae nayo nyumbani kwake mpaka azeeke, ajue mwalimu wa Walikale hakuwa muongo. Hiyo tu ninaweza kukurudishia."

"Unataka niimbishe watoto, weye ukiolewa na mwingine?"

"Ndiyo."

"Nikisimama mbele yao, nyuma yangu uko weye na yeye?"

"Ndiyo, Athanase."

Mama yake aliita tena, kwa ukali sasa. Ng'ombe wawili walitoka kwenye kona wakifuatwa na vumbi lao, na tukalazimika kusogea pembeni, yeye upande wake wa njia, mimi upande wangu. Walipopita hatukurudi katikati.

Nilitaka kukataa. Neno la kukataa lilikuwa tayari ulimini, kali, lenye vina. Lakini alikuwa akinisubiri, uso wake umechafuka kwa machozi na vumbi, na sikuwahi kumwona mzuri kama vile.

"Niambie kwa sauti," akasema. "Nisikie."

"Ninakuahidi," nikasema kwa sauti, ikasikika hadi kwa mama yake. "Watasoma, Béata, na Epiphanie ataanza peke yake. Nami nitasimama mbele yao mpaka noti ya mwisho, na sitageuka nyuma."